Majina ya Wanaouawa Kwenye Kanda

Jirani yangu Nyanjige anasema yule mwenye kibanda cha video anaroga watu, maana kila anayeuawa kwenye kanda humpa jina la mtu wa hapa Bariadi. Mimi hukaa mlangoni, mtoto mgongoni, namwangalia. Tamthilia yenyewe ni ya wafalme na mazimwi, na humo watu wanakufa ovyo. Hujajua huyu ni nani, kichwa kishaanguka. Vijana walikuwa wanacheka na kupiga miluzi. Ndipo yeye, ambaye hututafsiria kwa kipaza sauti, akaanza kusimamisha kanda. Anafuta kiganja kwenye suruali, anagusa kioo pale alipolala askari, anasema taratibu, "Huyu ni Ngusa. Ng'ombe wake bado wako malishoni."

"Endelea bwana! Mzungu huyo, ng'ombe kawatoa wapi?" kijana mmoja anapaza sauti.

"Hata Mzungu ana mama yake," anajibu, na kibanda kinatulia.

Lakini tangu maneno ya Nyanjige yaenee, watu wamemkataza kutaja majina yao, na miluzi imerudi. Leo asubuhi amekuja uani kwangu, kofia mkononi.

"Mwangaluka, mama Anyesi."

Nikaitikia salamu yake ya Kisukuma. Akamtazama mwanangu akinyonya, akainamisha macho.

"Jioni, kwenye kanda, anauawa yule mama mwenye kichanga, na sitaki wamcheke. Naomba unipe jina la marehemu mama yako. Yeye alishatangulia, halitamdhuru."