Alasiri ya Arafa kwa Bi Mwanakombo

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Fundi Mkuu wa karakana yetu ya Changamwe alinipa spana na somo moja. Alisema setilaiti ya televisheni huwekwa mbali mno juu ya ikweta, nayo huzunguka sambamba na dunia, kwa hiyo sisi wa huku chini huiona imetulia palepale.

"Ukishalielekeza dishi, kaza nati uende zako," akaniambia. "Setilaiti haisogei. Kinachosogea ni akili ya fundi."

Madishi yetu hayakuwa visahani hivi mnavyobeba kwapani. Yalikuwa ya wavu wa chuma, mapana kuliko kitanda cha bwana harusi, na kupandisha moja kulitoa jasho la kweli. Nilipohamishiwa Kisauni nilikuwa nimeshafunga mengi, na nikijiona bingwa.

Kisha nikatumwa Junda kwa Bi Mwanakombo. Mumewe, Mzee Athumani, alikuwa amekwenda kuhiji. Walipanga kwenda pamoja, lakini miguu yake bibi ikavimba na daktari akamkataza safari. Wanawe wakamnunulia dishi ili siku ya Arafa, mahujaji wanaposimama uwanjani kuomba tangu adhuhuri hadi jua kutua, naye aone na aombe pamoja nao. Nikalifunga asubuhi, stesheni ya Saudia ikatokea safi, nikakaza nati nikaondoka.

Alasiri simu ikalia ofisini: picha hakuna. Kesho yake asubuhi nilipofika, picha ipo.

"Shikamoo, mama. Mbona yafanya kazi?"

"Marahaba, mwanangu. Asubuhi yaja, alasiri yenda zake. Kwani ina zamu?"

Nilicheka, lakini alasiri ile nikaona kwa macho yangu picha ikichakaa hadi ikabaki chenga tupu. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha kichwa, kile kidude cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Nikamlaumu kunguru, nikaulaumu mwembe wa jirani, hata nikamwomba mwenyewe akate tawi, akakata, maskini. Picha ikaendelea na zamu zake. Wallahi nilichanganyikiwa. Usiku nilikuwa nikiota nakaza nati.

Meneja wetu, mtu wa bara asiyependa maneno mengi, akaniita. "Huyo mama akikosa Arafa, wewe utakosa kazi."

Mkesha wa Arafa nililegeza nati kwa hasira tu, nikalisukuma dishi kidogo kuelekea kaskazini. Bi Mwanakombo akapiga kelele kutoka chini: "Imerudi!" Baada ya muda ikapotea. Nikasukuma tena, ikarudi. Sikuelewa hata chembe. Kitu nilichofundishwa kuwa kimetulia kilikuwa kikitembea, nami nikikifuata.

Siku ya Arafa sikukaza nati. Tangu adhuhuri nilikuwa juu ya paa la zege, nimelikumbatia dishi, jua linanichoma kisogo, nikilisogeza kila nilipoitwa. "Yafifia, mwanangu! Hapo! Hapo hapo, usitikisike!" Kisha nikawa namsikia akiomba kwa sauti, analia. Ghafla akapaza sauti: "Nimemwona! Athumani wangu, nimemwona! Amegeuka!"

Niliposhuka baada ya jua kutua, nilimkuta Bi Mwanakombo mlangoni. Alinipa maji, akarudia kwamba amemwona. Nikaitikia tu, "Alhamdulillahi."

Mzee Athumani hakurudi. Aliugua baada ya Arafa, akazikwa hukohuko Makka. Bi Mwanakombo aliishi miaka mingi baadaye, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hakuagana na mumewe.

Baadaye sana, kwenye mafunzo, mkufunzi alitueleza kwamba setilaiti hubeba mafuta ya kujirekebisha, na ikizeeka mafuta yakapungua huachwa iyumbe kaskazini na kusini kila siku. Niliyasikia maneno yake, nikayaandika, na hadi leo nikiyafikiria kichwa huzunguka.

Sasa nimestaafu. Vijana mafundi wanaokuja kunijulia hali huniuliza kama kweli bibi aliweza kumtambua mtu mmoja katika umati ule wote uliovaa nyeupe. Nami huwajibu kwamba sijui. Picha yenyewe sikuiona. Nilikuwa juu, nimeshika dishi.