Shingo ya Gitaa la Rigobert

Mume wangu Kangwa alikuwa fundi wa magitaa ya umeme hapa Kamalondo, na kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko mulombwa, ule mti mwekundu aliokuwa akichonga. Kazi aliyoipenda ni shingo, ile tunaita manche. Alikata umbo kwa msumeno, akachimba mfereji katikati, akalaza humo fimbo ya chuma ili nyuzi zisiipinde. Juu yake akagundisha ubao wa vidole. Lakini mgongo wa shingo hakuumaliza bila mkono wa mpigaji. Mteja anashika, Kangwa anapunguza kidogo kwa tupa, mteja anashika tena, mpaka kidole gumba kitulie. Siku tatu, pengine tano. Mimi ilinichosha, jamani!

Mwaka wa tisini na mbili watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walianza kufukuzwa mjini. Rigobert alizaliwa mlango wa tatu kutoka kwetu, lakini baba yake alikuwa Mukasai. Wafukuzaji walimpiga kwa fimbo, wakamvunjia nyumba, na shingo ya gitaa lililomlisha wakaivunja pia. Akakimbilia stesheni, akalala nje wiki mbili akingoja treni ya kwenda Kasai. Kangwa akamchongea shingo mpya, akampelekea kule na tupa mfukoni. Mimi nikafuata na sahani ya bukari, ugali wetu.

Rigobert akaishika. Mkono wake ulikuwa umevimba kwa zile fimbo, vidole havikuizunguka shingo.

"Iko munene, yaya," akasema, akimwita Kangwa kaka yake. "Punguza kidogo. Treni inaenda leo, na kule banangoja nipige."

Kangwa aliutazama ule mkono, akautazama mti. Uvimbe ungeisha, mkono ungerudi kama zamani. Na angepunguza zaidi, angekifikia chuma.

"Hapana," akasema. "Sipunguzi."

Basi, hilo tu! Mambo ya mti hakuwahi kumweleza mtu, na siku ile pia hakueleza.

Rigobert akamrudishia shingo yake. "Kumbe na weye uko kama bale benye kunipiga." Akapanda treni na gitaa lisilo na shingo.

Niliwaka hasira. Tulitembea mpaka nyumbani. Mlangoni ndipo Kangwa akaeleza.

"Ningepunguza, ingepinda mu mwezi moja."

"Ule mwezi moja angepiga," nikamwambia.

Akakaa kizingitini, shingo mapajani, akalia.