Mkufu mzito ulivyotaka kumnyonga sonara aliyeutengeneza

Mvua ya mchana imeanza kugonga mabati ya mji wa Kericho, na Dorcus Oketch amekaa mlangoni pa karakana yake akisugua bangili ya fedha kwa kitambaa. Anasugua, anaigeuza kwenye mwanga, anasugua tena. Kiganja chake cha kulia kimeota malengelenge.

Nyuma yake, mezani, iko mashine ya kung'arishia ambayo ingeimaliza kazi hiyo mara moja. Ameifunika kwa leso na kuizungushia kamba, kama mtu aliyemfunga mbwa mkali.

"Ile siku stima haingepotea, sai mngekuwa mmeshanisahau," anasema, akijigusa shingo.

Dorcus, ambaye majirani humwita Mama Quinter, ni sonara. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, ambako baba yake alihamia kutoka upande wa ziwa kutafuta kibarua. Ufundi alifunzwa Kisumu, kisha akarudi nyumbani na kupanga chumba kimoja mkabala na cherehani ya Njenga, fundi wa nguo.

Wateja wake ni wa aina mbili, wapenda vitu vizito na wapenda vyembamba, na upande wake hakuwahi kuuficha. Yeye ni wa vitu vizito.

Kwa miaka mingi alivaa mkufu wa fedha wa karibu robo kilo, alioufua mwenyewe pete kwa pete. Ulikuwa tangazo lake la biashara. Akiinama kuchota maji, ulilia. Akiingia kanisani, watu waligeuka. Na mteja akitaka kitu chembamba, alijua atachekwa kabla ya kuhudumiwa.

Ndivyo ilivyokuwa alasiri hiyo ya Septemba. Abigael, karani katika ofisi moja mjini, alikuja kuchukua mkufu wake mwembamba kama unywele.

"Hii ni mkufu ama ni uzi wa Njenga?" Dorcus alimuuliza. "Ukipiga chafya itapotea."

"Mimi nataka nivae kitu nisahau nimevaa," Abigael alijibu akicheka.

Dorcus naye akacheka. Akamwomba asubiri kidogo amalizie bangili ya mteja mwingine, akawasha mashine, gurudumu la kitambaa likaanza kuzunguka kwa kasi. Siku zote mkufu wake aliusukumia ndani ya aproni. Siku hiyo, kwa sababu ya gumzo, hakuusukuma.

Aliinama. Mkufu ukaning'inia. Gurudumu likaunyakua.

"Sikusikia uchungu kwanza," anakumbuka. "Nilishangaa tu. Niliona meza inakuja kwa uso wangu."

Shavu lake liligonga mbao. Mkufu ulizidi kujikunja kwenye mhimili, na kila mzunguko ulimkaza koo. Alinyoosha mkono kuitafuta swichi ukutani. Vidole vilifika karibu, vikakwama hapo. Mota ilinguruma sikioni mwake. Hakuweza kupiga yowe.

Abigael, akiwa nje ya kaunta, alidhani Mama Quinter ameinama kutafuta kitu kilichoanguka. Ndipo akaona miguu ikipiga sakafu.

"Nilipiga nduru mpaka nikajiogopa mwenyewe," Abigael anasema. "Miguu ilikataa kutembea. Nilikuwa naangalia mtu akifa na nimeshika mkoba."

Taa ikazimika.

Mtaa mzima uligutuka kwa manung'uniko yale yale ya kila stima inapopotea. Kinyozi wa jirani alilaani kwa sauti. Ndani ya karakana, gurudumu lilipunguza kasi, likajikokota, likasimama.

Njenga aliingia mbio na mkasi wake mkubwa wa kukatia suti. Akaubana mkufu, akakaza mikono yote miwili. Mkasi ukapinda. Fedha ile haikupata hata mkwaruzo.

"Akili ikanijia: hii stima ikirudi je?" Njenga anasimulia. "Nikaruka nikang'oa plagi. Nikamwambia huyu msichana, 'Zungusha hiyo kitu kinyume! Zungusha!'"

Abigael alilishika gurudumu kwa mikono miwili, akalirudisha nyuma kidogo kidogo. Mkufu ulilegea. Dorcus akavuta pumzi iliyotoa mlio kama wa mlango wenye kutu, akaanguka sakafuni.

Walikuwa bado wamepiga magoti kando yake stima iliporudi. Taa iliwaka. Redio ya kinyozi ikaendelea na wimbo. Wote watatu wakageuka kuitazama mashine.

Dorcus alikaa wiki nzima bila sauti. Alama ya mkufu, mstari mweusi wenye umbo la kila pete, ilibaki shingoni mwake hadi mwezi uliofuata. Hadi leo mota ya posho mill, kinu cha kusaga mahindi, ikinguruma, jasho humtoka.

Alidhani ameachana na vitu vizito. Kisha Phelis, mchuma chai kutoka Kiptere, akaja kuulizia bangili yake. Alitazama ile shingo, akaketi.

"Pole sana, mama," alisema. "Lakini yangu usipunguze. Mikono yangu ni ya kazi. Kitu chembamba huvunjika nikijifunga tu leso. Siku ya harusi ya mtoto wangu nataka niisikie mkononi."

Dorcus anasema maneno hayo yalimkosesha usingizi kuliko hata ile ajali. Angemwambiaje mwanamke huyo kwamba anachokipenda ni kibaya, ilhali yeye mwenyewe bado anakipenda?

Jibu ameliweka kwenye kisahani cha udongo: mkufu mzito wenye pete moja nyembamba sana nyuma ya shingo. Anampa mwandishi wa habari hii upande mmoja, anashika mwingine, anavuta kwa nguvu. Pete ile inakatika papo hapo.

"Ikivutwa, iachilie mtu," anasema.

Anapanga kuanza kuuza mikufu ya aina hiyo kabla ya Krismasi. Lakini oda za harusi zimerundikana, na kwa kitambaa peke yake hatazimaliza. Jumatatu anakusudia kuifungua mashine ile kamba.

"Nitawasha mimi mwenyewe," anasema. Anakitazama chumba cha Njenga ng'ambo ya ujia. "Yeye amekubali kusimama karibu na plagi. Na mimi shingo yangu itakuwa tupu."