Kioo cha Lori Chini ya Maji ya Chala

Matangi yangu yako Bura, yako Chawia, yako Kasigau. Yale ya Kasigau tembo wameyasukuma kwa vichwa wakitafuta maji, wakayabonyeza wapendavyo, na hakuna hata moja lililoachia pale nilipochomelea mimi. Shule niliacha darasa la sita, na bado sijaona kitu ambacho darasa la saba lingeniongezea. Haya nayasema mapema, ili msomaji akifika pale maji yalipoingia, ajue anasoma habari za fundi.

Wazo la chombo changu nililipata mahali paitwapo Mzima. Tulienda na watu wa kanisa, tukashuka ngazi mpaka kwenye kile chumba kilichojengwa ndani ya chemchemi, samaki wakipita nje ya dirisha kama watu wa siku ya soko. Wenzangu waliangalia samaki. Mimi niliangalia kuta. Nikamwambia mke wangu kwamba hili ni tangi lililogeuzwa: maji nje, watu ndani.

“Basi tengeneza lako,” akasema, “tulipeleke Chala.”

Mke wangu ni wa Taveta, amezaliwa karibu na lile ziwa lililo ndani ya shimo la mlima. Bibi yake alimlea akimwambia kwamba boma zima lilizama mle, na mbuzi wake na kuku wake, na kwamba mtu akitulia ukingoni alfajiri husikia jogoo akiwika chini ya maji. Tangu nilipokuwa nikimchumbia alikuwa akiniuliza kule chini kuna nini. Kila kitu kingine alichowahi kuniomba nilikwisha kumtengenezea, nyumba, jiko lisilotoa moshi, banda la nguruwe, hata kitanda. Hilo lilibaki. Watu niliwaambia chombo ni cha watalii, lakini nilichotaka ni kumkalisha mwanamke huyu chini ya maji ya kwao, aone.

Nikakijenga hapa Voi, kwenye kibanda changu, mbali na maji yoyote ya maana. Juu ni mapipa ya plastiki pande mbili, ya kuelea. Katikati ni sanduku la chuma linaloning'inia ndani ya maji, wazi kwa juu, unashuka kwa ngazi na kukaa kwenye benchi, kichwa chako kikiwa chini ya uso wa maji. Mbele niliweka kioo cha lori la zamani, kile kinene kilicho bapa, nilichokichagua mwenyewe kwenye vyuma chakavu kando ya barabara ya Mombasa.

Tukakijaribia kwenye bwawa la shamba la mkonge. Kwanza kilikataa kuzama. Mafundi wote wa dunia huhangaika chombo kisizame, mimi nilisimama pale nikibembeleza changu kizame. Nikajaza mawe chini ya sakafu, kikatii. Mke wangu akaingia na gauni lake la Jumapili, mimi nyuma yake. Tulikuwa hatujamaliza kukaa kioo kilipoachia pembeni, maji yakamrukia mapajani, na kabla hatujafika kwenye ngazi yalikuwa magotini.

Mapipa yalituweka juu, hakuna aliyeumia. Lakini alipofika nchi kavu alikamua gauni, akaniambia kwa upole kwamba chombo ni kizuri na hataingia tena. Upole wake ndio ulionitisha.

Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo. Matangi yangu yana kidirisha cha kuonyesha maji yamefika wapi, na kioo chake hukiweka kwa ndani, ili maji yakikisukuma yakibane kwenye chuma. Mkono wangu umefanya hivyo tangu ujana. Mdomo ulikuwa umesema tangi limegeuzwa, mkono haukusikia. Kioo nilikuwa nimekiweka kwa ndani, na maji ya nje yalikuwa yanakibandua tu. Nikakitoa, nikakihamishia nje, na mpira mpya. Sijui fundi mwingine ambaye angeligundua hilo kabla ya chai ya asubuhi.

Kukishusha Chala tulikifungua vipande, kwa sababu njia ya kuteremka ni ya mbuzi. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alileta vijana na kamba, na mdomo wake pia akaubeba.

“Shemeji, huko kuna mamba,” akasema. “Leo wao ndio watalii. Wataangalia watu kwenye kioo.”

Mke wangu alikuja, lakini na viatu vyake vya kufunga, na akakaa juu ya jiwe kama mgeni wa mtu mwingine. Tulipomaliza kukaza nati aliinuka, akaweka kiganja juu ya kioo, akakisukuma kuelekea ndani kwa uzito wake wote.

“Kimeegemea chuma?”

“Kimeegemea.”

“Na maji yakisukuma?”

“Yakisukuma ndiyo yanakibana.”

Alisukuma tena. Kisha akainama, akafungua kamba za viatu.

Tukashuka. Sanduku ni jembamba, kwa hiyo yeye alikaa mbele, kwenye kioo, mimi nyuma. Maji yalikuwa ya kijani kibichi, mwanga umemwagika shingoni mwake. Nikamuuliza anaona nini. Mawe, akasema, na samaki wadogo. Nikamuuliza boma je. Akakisogelea kioo. Juu shemeji aligonga chuma akiuliza kama tumekufa. Magoti yangu yalianza kulalamika, nikasema labda tupande.

“Nyamaza kwanza, Baba Watoto. Nasikiliza.”

Tukakaa mle mpaka shemeji akachoka kugonga. Mpaka leo chini ya Chala sikujui. Nilichokiona ni kisogo cha mke wangu, kimeinamia kioo, hakigeuki. Na kioo hakikutoa hata tone.