Kitufe cha Tatu

Kazi yangu ni kutunza msimbo ambao wenzangu huutumia kujengea madirisha, vitufe na menyu za programu, ili programu moja ifanye kazi sawasawa kwenye kila aina ya kompyuta. Naishi Voi, lakini mama alipofariki nilipanda kwetu Werugha nikae na kaka yangu mkubwa. Kaka haoni tangu utotoni. Hutumia kompyuta kwa masikio: sauti ya mashine humsomea kilichoko kwenye skrini. Ndiyo maana kila toleo jipya nilimpa yeye kwanza ili alijaribu.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa umefunika matuta ya kabeji. Kaka alikuwa akijaribu kidirisha chenye vitufe viwili tu, Hifadhi na Ghairi. Vidole vyake vikasimama.

"Hiki cha katikati ni cha nini?"

"Hakuna cha katikati, kaka."

"Kipo. Kinasema Fungua."

Niliinama nikatazama. Viwili. Kabla sijamzuia, akabonyeza. Kwenye skrini hapakubadilika kitu, ila ile sauti kavu isiyo na pumzi ikasoma: "Mama, nimefika salama. Mmekula?"

Kaka akageuza uso kuelekea mlangoni. "Nani ameandika hayo?"

Ni mimi. Nikijaribu visanduku vya maandishi huandika lolote linalonijia, na tangu mazishi yalinijia yale niliyokuwa nikimwandikia mama kila niliporudi Voi. Lakini dirisha nililoyaandikia nilikuwa nimelifunga kwa mkono wangu.

Nilichimba hadi mchana ndipo nikaona. Kwenye kompyuta za aina aliyotumia kaka, dirisha likifungwa lilitoweka machoni bila kufa. Lilibaki kwenye kumbukumbu ya mashine pamoja na kitufe chake cha Fungua na maneno yake, na ni asiyeona tu aliyeweza kulifikia. Nilipomweleza kaka, alirudisha vidole kwenye kibodi.

"Kabla hujaliondoa, niachie nisikilize tena."

Akavaa spika za masikioni. Nilitoka kumkatia ng'ombe majani, niliporudi bado alikuwa ameinamisha kichwa.

Jioni nilirekebisha, majaribio yakapita kote. Kaka akapitia vitufe: Hifadhi, Ghairi. Hifadhi, Ghairi.

"Kimeondoka," akasema. Kisha, taratibu: "Na lile jibu, uliliandika wewe pia?"

"Jibu gani?"

"Tumekula, wewe lala."

Nilipekua msimbo wote na kila jaribio nililowahi kuandika. Maneno hayo hayakuwepo. Kaka hakuyataja tena, nami sijamuuliza aliyasikia kwa sauti ya nani.