Muhogo wa Mpiga Chapa

Mpiga chapa wetu pale Nachingwea alikuwa binti wa miaka ishirini na sita. Kila saa nne, chai na muhogo wa kuchemsha vikiletwa ofisini, aliniambia neno lile lile: "Nimeshakula nyumbani, dada." Mimi niliyekaa naye nyumba moja nilijua hajala. Muhogo aliukata vipande vidogo kama vya kumlisha mtoto, akavisogezasogeza mpaka chai ikapoa, kisha akaenda kuwatupia kuku. Kuku wa ofisi ile walinenepa. Yeye alivaa sweta mwezi wa kumi na moja, sisi wengine tukijipepea kwa mafaili. Zamani hakukosea hata herufi. Mwaka ule akawa anaweka karatasi ya kaboni kinyume, nakala inatokea mgongoni mwa barua, naye anaikodolea macho kama kazi ya mtu mwingine. Nilibembeleza, nikagomba, nikachoka.

Asubuhi moja aliinua mashine ya kupigia chapa afute vumbi, kama siku zote, mfupa wa mkono ukakatika kama kijiti. Hospitalini, daktari aliinua picha ya mfupa dirishani, akaniuliza umri wa mgonjwa mara mbili. "Hii ni mifupa ya ajuza," alisema, akamgeukia mgonjwa. "Binti, njaa imekula mifupa yako, na huko kusahau ni ubongo unadai chakula." Naye akaitikia kwa adabu. Alipopandishwa kwenye mzani, plasta ya kufungia mkono ikiwa bado mbichi, machozi yakamtoka, nikadhani sasa ameelewa. Akanigeukia.

"Dada, waambie watoe uzito wa plasta."