Mashine Iliyomwita Marehemu

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumapili. Chumba ni kidogo kuliko jiko la nyumba ya kupanga, na feni mbili zimeelekezwa kona moja. Mwanamke mwenye miwani, amevaa sweta humu ndani, amepiga magoti mbele ya kabati la chuma na kulitegea sikio.

"Bibi leo kaamka vizuri," anasema bila kugeuka. "Hajakohoa."

Bibi ni seva, sanduku jeusi lililopitisha umri wa kustaafu, linalotunza kumbukumbu za wagonjwa wote wa kituo hiki cha kusafisha damu. Anayemsikiliza ni fundi wake. Wagonjwa humwita Dada Mitambo, na jina lake la kwenye kitambulisho wengi hawalijui wala hawajawahi kuliuliza.

Leo Bibi anazimwa. Kila alichonacho tumboni kitanakiliwa kama kilivyo, kisha nakala hiyo itawashwa mbali na hapa, kwenye kompyuta za kukodi. Ni mara ya pili kazi hii kujaribiwa. Mara ya kwanza iliumiza mtu.

Wasiojua wanaweza kushangaa presha yote hii ya nini. Mgonjwa wa figo huja hapa mara tatu kwa wiki, analala kitini kwa saa nne, mashine inamsafisha damu na kumpunguza maji. Maji kiasi gani, hutegemea uzito ambao daktari amempangia aondoke nao. Namba hiyo hubadilika kila mara, na haikai kichwani mwa mtu.

"Ukitoa maji mengi mno, mtu anazimia kitini. Ukitoa machache, anarudi nyumbani anahema," anasema muuguzi mkuu, ambaye kila mtu hapa humwita Sista. "Namba zote ziko kwa Bibi. Juzijuzi alizima katikati ya kazi, tukabaki tunaulizana, huyu kilo ngapi, yule kilo ngapi? Nina miaka mingi kwenye kazi hii, lakini siku ile niliogopa."

Seva mpya ingekula mishahara ya Dada Mitambo ya miaka miwili, bila yeye kununua hata sabuni. Kituo hakina fedha hizo. Ndipo likaja wazo la wingu.

Naomba tusitishwe na neno hilo. Wingu hili halina mvua wala halipo angani. Ni kompyuta ya mtu mwingine, iko kwenye jengo la mtu mwingine, nawe unalipa kodi ya mwezi kama mpangaji yeyote. Unapewa sehemu yako ndani yake, mafundi wanaiita mashine pepe, maana huwezi kuigusa. Unapeleka nakala ya mashine yako ya zamani, unaiwasha kule, na ikiamka inajiona iko nyumbani.

"Shangazi yangu kila siku ananiuliza, hivi wewe kazi yako hasa ni ipi?" anasema Dada Mitambo. "Namwambia, nahamisha watu nyumba, shangazi, ila vyombo havionekani. Ananitazama tu. Anaona mtoto wa watu nimepotea."

Hapa hakuja kwa mambo hayo. Alikuwa fundi simu kwenye kibanda cha barabara ya pili, akaitwa kutengeneza printa iliyokuwa inatafuna karatasi. Alipomaliza akaambiwa aangalie na kompyuta ya mapokezi, kisha na nyaya za dari, kisha na Bibi. Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Jioni alikuwa akisoma chuo, mchana akijifunzia mgongoni mwa Bibi. "Printa yenyewe bado inatafuna karatasi," anasema, na hilo ndilo pekee lililomchekesha asubuhi hii.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi uliopita. Kanuni ya kazi hii inasema uizime kwanza mashine, ndipo uinakili, ili kisiandikwe kitu nyuma yako. Yeye hakuizima. Bibi alikuwa mzee kiasi kwamba akilala huenda asiamke, na wagonjwa walikuwa vitini. Kwa hiyo Alhamisi jioni alimnakili akiwa macho, akaanza kupakia nakala kwenye mtandao wa kituo, mtandao ambao mwendo wake anaujua kila aliyewahi kuungoja.

Ijumaa mgonjwa mmoja akafariki nyumbani kwake. Alikuwa fundi cherehani, mpole, ambaye wauguzi walimwita Mzee wa Saa Mbili kwa sababu saa mbili kamili alikuwa tayari amekaa kwenye kiti cha karibu na mizani. Jumamosi, Sista alimtoa kwenye ratiba kwa mkono wake mwenyewe. Alimtoa kwa Bibi. Nakala iliyokuwa inasafiri haikupata habari hizo.

Jumapili mchana nakala ikafika. Dada Mitambo akachagua ukubwa wa mashine, akapanga mtandao, akabonyeza. Dirisha jeusi lenye herufi nyeupe likafunguka, na mstari baada ya mstari Bibi wa pili akaamka huko aliko.

"Nilifurahi, siwezi kuficha. Niliinuka nikacheza peke yangu humu ndani," anasema. "Nilikuwa najaribu tu, nione kama inawaka. Niliiacha hivyo nikawa nafungua faili moja moja."

Alichosahau ni kwamba Bibi ana tabia yake. Kila saa kumi jioni huwatumia ujumbe mfupi wagonjwa wa kesho. Aliyenakiliwa akaamka na tabia ileile. Saa kumi ilipogonga, wote wawili wakatuma.

Wagonjwa wa Jumatatu wakapata ujumbe mara mbili, wakacheka kwamba sasa wanahimizwa kama watoto wa chekechea. Simu moja tu ilipokea ujumbe mara moja. *Unakumbushwa kufika kesho saa mbili asubuhi. Tafadhali usikose.*

Simu hiyo ilikuwa mkononi mwa mjane. Hakuwa ameizima, kwa sababu wateja wa mumewe walikuwa bado wanapiga wakiulizia nguo zao, na yeye ndiye aliyekuwa akiwajibu.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, mama huyo aliingia kituoni. Hakwenda mapokezi. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mizani, mkoba mapajani, akasubiri kama wanavyosubiri wengine. Sista alidhani amekuja kushukuru, akamfuata na mikono miwili.

"Mmemwita," mama alisema, akamwonyesha simu. "Nimekuja kuwaambia hawezi kuja."

Sista anasema wagonjwa wa alfajiri walikuwa tayari wameunganishwa kwenye mashine, hakuna aliyeweza kuinuka wala kutoka. Walilala wakitazama dari. Yeye mwenyewe akaenda kugonga mlango wa chumba cha feni mbili.

"Alipoanza tu kuniambia, nilijua ni mimi," anasema Dada Mitambo. "Ningeweza kusema ni mtandao. Kila siku tunausingizia mtandao, na watu wanatuelewa. Nilitembea pale ukumbini nikiwa nalo mdomoni neno hilo. Nilipomwona alivyokaa, likanitoka. Nikapiga magoti nikamwambia, mama, ni mimi."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila ukali wowote, kama kweli mashine haikujua.

"Haikujua, mama. Niliinakili Alhamisi, mzee akiwa hai. Kwake yeye ilikuwa bado Alhamisi."

Mama alifikiri kidogo. "Basi ina bahati," akasema.

Wapo watu wangepiga kelele, na wangekuwa na haki. Mwandishi wa habari hizi angekuwa mmoja wao. Huyu aliinuka, akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa, akaomba jambo moja tu. Siku watakayoiwasha tena mashine hiyo, apigiwe simu kwanza.

Dada Mitambo aliizima nakala siku hiyohiyo, akaenda kuweka funguo za chumba mezani kwa Sista. Alisema anarudi kwenye kibanda chake cha simu, kule ukikosea unaharibu kioo cha mtu, unamlipa, yanaisha. Sista hakuzigusa funguo.

"Nilimwambia, mdogo wangu, mimi hapa nimekosea mishipa ya watu nisiyoweza kuihesabu," anasema Sista. "Nikikosea mshipa, nabonyeza pamba nasema samahani, natafuta mwingine. Sitoki nikaenda kuuza mchicha. Chukua funguo zako."

Alizichukua. Lakini kwa wiki tatu hakuthubutu kumgusa Bibi, huku Bibi akizidi kukohoa, hadi wiki iliyopita alipozimika tena na kugoma kuamka kwa nusu siku. Hapo hapakuwa na la kusubiri tena. Ama nakala mpya, ama siku moja wagonjwa waje na pasiwe na anayejua kilo zao.

Ndiyo maana leo, kabla hajafungua kabati, alitoka hadi kwenye korido na simu sikioni. Alizungumza kwa sauti ya chini. "Ndiyo mama, ni leo. Hapana mama, mlango wa kutuma ujumbe nimeufunga. Ndiyo. Saa kumi." Alirudi, akavuta pumzi, akabonyeza kitufe cha Bibi na kukishikilia.

Feni za ndani zinapungua mwendo, zinasimama. Chumba kinakuwa kimya kiasi cha kusikika maji yakitiririka kwenye bomba la ukumbini.

"Pumzika," anamwambia.

Anachomoa diski, anaiunganisha kwenye kompyuta yake ya mkononi, na hapa roho iko mkononi, maana diski kongwe ikishapoa inaweza isizunguke tena. Inasita. Inatoa mlio kama wa mtu anayesafisha koo. Inazunguka. Dada Mitambo anafumba macho na kujikaza kisabuni, kisha anaanza kunakili.

Safari hii hapakii kwa mtandao wa kituo. Chuo cha ng'ambo ya barabara kimemwazima mtandao wao wa kasi kwa siku moja. Anavuka na nakala ndani ya begi alilolikumbatia kifuani, na magari yanampigia honi kwa sababu anatembea polepole kuliko anavyopaswa.

"Mara ile sikufikiria hata kuwaomba," anasema akiwa amekaa kwenye darasa tupu, akiitazama nakala ikipanda mtandaoni. "Niliona ni aibu kuomba. Aibu gani, sasa naona ilikuwa ujinga."

Mchana, mashine pepe inawaka. Dirisha jeusi, herufi nyeupe. Leo hachezi. Kitu cha kwanza anachokagua ni mlango wa ujumbe, ambao aliufunga kabla ya kuiwasha, na anaukagua mara tatu. Kisha anarudi kituoni, anamwita Sista, wanakaa bega kwa bega mbele ya skrini na kuipitia ratiba ya Jumatatu. Sista anasoma jina, anasema yupo. Jina jingine, yupo. Mgonjwa wa kwanza wa saa mbili sasa ni mama mmoja muuza duka.

"Hayumo," anasema Sista.

"Hayumo," anajibu Dada Mitambo, na Sista anasogeza kidole hadi jina linalofuata.

Kuanzia leo itakuwa hivyo kila siku. Mashine haitatuma chochote mpaka muuguzi wa zamu awe amepitia majina kwa macho yake na kubonyeza kukubali. Mwenye kampuni ya kukodisha akisikia atacheka, kwa kuwa kazi hiyo mashine inaiweza yenyewe. Acha acheke.

Saa kumi inakaribia. Sista anabonyeza kukubali, Dada Mitambo anaufungua mlango. Simu ya Sista, iliyowekwa kwenye orodha kwa ajili ya kujaribu, inalia mara moja. Wanangoja. Hailii tena. Sista anashusha pumzi, anamgonga mwenzake begani, anatoka kwenda kuandaa vifaa vya kesho.

Dada Mitambo anabaki kitini. Simu yake inapoita, anaiweka mezani ili mwandishi naye asikie, kwa ruhusa ya anayepiga.

"Mwanangu, saa kumi imepita," inasema sauti ya mama.

"Ndiyo mama. Imepita."

"Haijalia."

"Haitalia tena, mama. Nimehakikisha."

Upande wa pili kunasikika kiti kikivutwa.

"Siku ile sikukueleza," anasema mama. "Ujumbe ulipoingia nilinyanyuka kwenda kumtolea shati la mikono mifupi, lile la kuja nalo huko kwenu. Nimefika kabatini, nimelishika, ndipo nikakumbuka. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Si nyinyi kukosea. Ni kwamba hata mimi nilisahau."

Dada Mitambo anavua miwani. Machozi yanamtoka na hayafuti.

"Leo nilikaa na simu mkononi," mama anaendelea. "Sijui nilitaka ilie au isilie. Basi. Haikulia. Jumamosi njoo kwangu, mwanangu. Usije na maneno ya samahani, hayo umeshayamaliza. Njoo tukae."

"Nitakuja, mama."

Simu inakatwa. Nilipomuuliza anatumaini nini baada ya haya yote, alijibu huku akifunga kabati la Bibi, ambaye sasa hahitaji feni. Alisema anatumaini kesho wagonjwa waje, wapimwe, wakae vitini, na asiwepo hata mmoja atakayejua kwamba kuna kitu kilihamishwa.

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi nakwenda kwa mama," alisema. "Nitakwenda mapema. Simu yangu nitaizima."